Mahamri yanakunywa mafuta msimu huu wa kusi: kosa la mafuta, la unga au la moto?

#1 BintiLangoni
Assalamu alaykum wanajamvi. Kipimo changu ni kimoja mwaka mzima: unga wa ngano kilo 1, sukari gramu 180, tui zito mililita 480, hamira kijiko kimoja na nusu cha chai, iliki ya kutosha. Karaini naweka lita mbili, nusu mafuta ya nazi ya kupikwa nyumbani na nusu mafuta ya maji ya mawese ya dukani. Wakati wa kaskazi mahamri yanatoka makavu kabisa. Tangu kusi ishike, yanafura vile vile na rangi ni ile ile, lakini ukiyapasua ndani yameloa na karatasi ya chini imejaa mafuta. Tena karai linatoa povu jeupe mpaka ukingoni. Huyu ananiambia moto, yule ananiambia unga. Nataka kujua sababu hasa ni nini na inafanyaje kazi.

#2 KaraiLaMaweni
Wa alaykum salaam dada. Moto huo, usizunguke. Hamri linataka mafuta ya 175 hadi 185°C. Likiingia kwenye joto hilo, maji yaliyo kwenye ngozi ya donge yanageuka mvuke papo hapo, na mvuke unaotoka kwa kasi ndio unaoyazuia mafuta kuingia. Vile viputo unavyoviona pembeni ni mvuke huo. Mafuta yakiwa 150 mvuke ni dhaifu, ngozi inachelewa kukauka, hamri linakaa dakika nne au tano badala ya mbili na nusu, na muda wote huo linaloa.

Nunua kipima joto cha jikoni, achana na kijiti. Halafu usilijaze karai. Lita mbili za mafuta ni kama kilo 1.8, tia donge gramu 250 kwa mkupuo, yaani matano ya gramu 45 hadi 50. Ukitia kumi na mawili joto linaporomoka na halirudi mpaka yameshaharibika.

#3 JahaziLaPate
Moto ni kweli, ila msiusahau upepo. Jiko la makaa likielekea kusi, makaa yawaka kwa nguvu upande mmoja na upande wa pili yafa. Mafuta ya katikati ni moto, ya kingoni yamepoa, na mahamri yakifura yaelea kingoni! Kinga jiko kwa bati pande tatu, mlango wa jivu uwache wazi. Na mafuta uyakoroge kwa upawa kabla ya kupima joto, la sivyo wapima ya yuu tu na ya tini huyajui.

#4 MaalimKemia
Salaam. Namba 2 amesema vizuri lakini amelipita neno moja la mleta uzi: rangi ni ile ile. Mafuta ya 150 yangempa mahamri meupe, au ya rangi sawa lakini magumu kwa kukaa sana. Hakulalamikia hayo.

Sababu ninayoiona mimi iko nje ya karai. Hamri likiwa ndani ya mafuta limejaa mvuke unaosukuma kwenda nje, kwa hiyo mafuta yanayoingia wakati huo ni machache. Sehemu kubwa inaingia baada ya kulitoa. Linapoanza kupoa, mvuke ulio ndani ya vitundu unarudi kuwa maji, nafasi yake inabaki tupu, shinikizo la ndani linashuka, na mafuta yaliyobaki yamejipaka juu ya ngozi yananyonywa ndani. Hii imepimwa mara nyingi kwenye viazi vya kukaanga na donge halina sababu ya kuwa tofauti.

Jikoni wakati wa kusi ni baridi kuliko Februari, na kuna upepo. Hamri linapoa haraka, linanyonya kabla mafuta hayajachuruzika. Linyanyue kwa kijiko cha matundu, likung'ute juu ya karai, liegemeze wima kwenye chujio la chuma lililo karibu na moto kwa nusu dakika. Baada ya hapo ndipo lipelekwe kwenye bakuli. Anayeyarundika moto moto ndani ya beseni anayanywesha mafuta mwenyewe.

#5 KaraiLaMaweni
Maalim, kuhusu rangi sikubaliani. Sukari gramu 180 kwa kilo ni nyingi, na ndani ya tui kuna protini. Vitu hivyo viwili vinapata rangi hata mafuta yakiwa 160. Rangi haikwambii joto, inakwambia sukari. Nasimama na moto.

#6 FundiHalua
Nyote mmeliruka povu. Yeye anachanganya mafuta ya nazi na mawese karai moja, na hiyo ndiyo shida ya kwanza niliyoiona. Karibu nusu ya asidi za mafuta ya nazi ni lauriki, molekuli fupi. Mawese yana palmitiki na oleiki, molekuli ndefu. Kila mafuta peke yake yanakaanga vizuri, lakini yakichanganywa na maji yakaingia, povu linapanda. Wenye viwanda vya kukaangia wanajua wasichanganye mafuta ya jamii ya nazi na mengine kwenye chombo cha moto mkali.

Povu likifunika juu, hamri haligeuki vizuri na huoni unachopika. Tumia moja: nazi tupu au mawese matupu.

#7 ShelaKwaBahari
@FundiHalua mbona basi kaskazi halikutoka povu? Mchanganyiko ni ule ule.

Angalieni mafuta ya nazi yenyewe. Yale ya kupika nyumbani, tui likichemshwa mpaka mafuta yajitenge, yakiepuliwa mapema yanabaki na maji na vipande vidogo vya protini. Wakati wa joto mafuta ni majimaji, uchafu na maji vinatuama chini ya chupa na mtu anamimina ya juu. Mafuta ya nazi yanaganda kwenye 24°C. Usiku wa Julai na Agosti hapa kwetu joto linashuka mpaka 22 au 23, mafuta yanaganda pamoja na maji na uchafu wake ndani. Asubuhi mtu anachota kwa kijiko kila kitu na kutia karaini. Povu linatoka hapo.

Dawa: chupa iwekwe ndani ya maji ya vuguvugu, mafuta yayeyuke yote, yatuame, yamiminwe taratibu, na yale ya chini yasitumike. Kabla ya kukaanga, yapashe polepole hadi 110 au 120 na usubiri mpaka yasitoe kiputo hata kimoja. Kiputo maana yake maji bado yamo.

#8 BintiLangoni
Shukran wote. ShelaKwaBahari, ni kweli nachota kwa kijiko yakiwa yameganda. Maalim, nayatia kwenye hotipoti. Lakini kaskazi pia nilikuwa natia kwenye hotipoti.

#9 JahaziLaPate
Hotipoti! Dada, hapo umewapa maneno ya kutwa nzima.

#10 Mkomani01
Hotipoti inafunga mvuke, ngozi inalainika, mtu anadhani ni mafuta kumbe ni maji. Pasua hamri moja likiwa limetoka karaini na jingine lililokaa hotipoti saa moja, bonyeza kwenye karatasi nyeupe. Doa la maji linakauka na kupotea, doa la mafuta linabaki likiangaza. Fanya hilo kabla hatujaendelea kubishana.

Mimi nasema ni donge. Kwenye 29°C donge lenye hamira hiyo linaumuka kama saa moja na nusu. Kwenye 23 linataka karibu mara mbili ya muda huo. Ukilikata kwa saa ya ukutani, unalikaanga halijafika: limebana na zito, linachelewa kuiva katikati, na wewe unaliacha muda mrefu zaidi mafutani. Likipita kiasi nalo lina kasoro yake, vitundu vikubwa na kuta nyembamba zinazopasuka. Donge lilofika, ukilibonyeza kwa kidole linarudi polepole na kuacha alama kidogo.

#11 FundiHalua
Donge lisilofika halifuri, na yeye amesema yanafura sawa.

#12 Mkomani01
Hamri linafura kwa mvuke kuliko kwa hamira, fundi. Chapati ya kawaida haina hamira lakini kwenye tawa inafura. Ukisukuma duara milimita 5, ukalikata pembe nne na kulimwagia mafuta ya moto juu mara tu linapoelea, ngozi mbili zinaachana kwa mvuke hata kama hamira imelala. Kufura si ushahidi kwamba donge limefika.

#13 MpikaUjiWaNgala
Naongeza la tui, maana limeachwa. Kwa baridi hii, ukikamua nazi kwa maji ya bomba ya asubuhi, mafuta ya nazi yanakuwa karibu na kuganda ndani ya chicha na hayapiti kifumbu. Unapata tui jeupe kwa macho lakini lina maji mengi na mafuta kidogo. Kwa hiyo zile mililita 480 za Februari si mililita 480 za Julai. Donge linakuwa na maji zaidi, na donge lenye maji zaidi linatoa mvuke zaidi, linaacha vitundu zaidi, na vitundu hivyo ndivyo vinavyojaa mafuta baadaye kama Maalim alivyoeleza.

Kamua kwa maji ya 40 hadi 50, ya uvuguvugu ambao mkono unauvumilia. Yasiwe ya kuchemka, maana protini ikianza kushikana tui linakatika.

#14 MaalimKemia
Hoja nzuri sana ya #13, ila ina upande wa pili. Mafuta yaliyomo ndani ya donge nayo yanaongeza kunyonya. Mafuta yanazipaka protini za ngano, gluteni haishikani vizuri, ngozi inakuwa laini na dhaifu. Donge lenye mafuta na sukari nyingi linanyonya kuliko donge la unga na maji. Kwa hesabu hiyo tui hafifu la Julai lingepunguza mafuta, lisiyaongeze. Sasa ni nguvu ipi inashinda, maji yaliyozidi au mafuta yaliyopungua? Bila kupima hatujui.

#15 MpikaUjiWaNgala
Maji yanashinda. Donge likishika kidole ongeza unga gramu 30 hadi 40 kwa kilo, utaona.

#16 BajiaKaunta
Habari za jioni. Umri wa mafuta haujatajwa! Hayo mafuta yanarudiwa mara ngapi? Kila yanapopashwa, maji ya chakula yanaivunja trigliseridi, yaani molekuli yenyewe ya mafuta, na kutoa asidi huru ya mafuta. Oksijeni nayo inafanya kazi yake. Vinavyozaliwa humo vingine tabia yake ni kama sabuni: vinayafanya mafuta yashikane na maji ya donge. Mafuta mapya yanakwepa donge lenye unyevu, mafuta ya zamani yanalishika. Ndiyo maana mafuta mapya kabisa hutoa bajia nyeupe nyeupe, ya siku ya pili hutoa rangi nzuri, na yaliyochoka hutoa bajia nyeusi nje, mbichi ndani, iliyojaa mafuta.

Dalili za kuyamwaga: yanatoa moshi kabla ya 170, povu linabaki hata baada ya kutoa chakula, yakidondoka kutoka kwenye upawa yanavuta kama asali, na harufu inachoma koo. Nchi kadhaa za Ulaya zimeweka mpaka kwa wauzaji: vile vitu vilivyoharibika vikifika karibu asilimia 25 ya mafuta, ni kosa kuyatumia.

#17 KaraiLaMaweni
Na nyumbani kifaa cha kupima hiyo asilimia 25 hakuna. Tutumie pua na macho.

Nyongeza kwa #16. Ile gundi ya njano inayoshika ukingo wa karai ni mafuta yaliyoungana molekuli kwa molekuli. Alizeti huifanya haraka kuliko mengine, maana ina linoleiki nyingi inayoshambuliwa na oksijeni. Mawese ya maji yanavumilia zaidi. Nazi inavumilia kuliko zote kwa sababu asilimia 90 hivi ya mafuta yake ni yale yaliyoshiba, oksijeni haina mahali pa kushika.

#18 BajiaKaunta
Inavumilia oksijeni, ndiyo. Haivumilii maji. Nazi ikivunjwa na maji inatoa lauriki huru, na hiyo ina ladha ya sabuni hata ikiwa kidogo. Mawese yakivunjika kiasi kile kile ulimi hausikii. Anayekaangia samaki mbichi wenye maji kwenye mafuta ya nazi kisha kesho akatia mahamri humo, aonje.

#19 ShelaKwaBahari
Nyumbani kwa mtu mwenye akili nani anakaangia samaki na mahamri karai moja 😄

#20 BajiaKaunta
Wengi sana, nenda kaulize.

#21 UtoWaAmu
Salaam wadau. Nimesoma wote. Jambo moja la joto halijakaa sawa. #2 amesema 175 hadi 185, lakini mafuta ya nazi ya nyumbani, yasiyosafishwa kiwandani, huanza kutoa moshi karibu na 175. Kwa hiyo mtu anayekaangia nazi tupu hawezi kufika 185 bila kujaza nyumba moshi. Nazi ya dukani iliyosafishwa inafika 200 na kitu, mawese ya maji hupita 220, samli safi karibu 250. Siagi yenye maziwa yake inaungua mapema, hata 150 haifiki salama.

Wapishi wa zamani wa Amu, yaani Lamu, waliokaangia nazi walifanya kazi kwenye 165 hadi 170 na donge gumu kidogo kuliko la leo, lenye maji machache. Hivyo viwili vinaenda pamoja. Ukichukua donge laini la sasa ukalitia kwenye moto wa nazi wa zamani, lazima linyonye.

Wengine walichanganya na mafuta ya uto, ule ufuta uliokuwa ukisindikwa Lamu kwa kinu cha ngamia. Ufuta una vitu ndani yake vinavyozuia oksijeni, ndiyo maana hauchachi haraka.

#22 FundiHalua
Kwa hiyo nao walichanganya, na #6 nimesema kuchanganya ni kosa. Je, walipata povu?

#23 UtoWaAmu
Walipata. Ndiyo sababu karai lilijazwa chini ya nusu na moto uliwekwa wa kiasi. Povu si sumu, fundi, hatari yake ni kumwagika kwenye makaa. Likishika moto funika kwa kifuniko cha chuma au sinia, kamwe usitie maji.

#24 ChapatiZaAjemi
Naomba nichepushe kidogo, maana wajuzi mmekusanyika. Ajemi zangu wakati wa kaskazi hazitoki matabaka, msimu huu zinatoka karatasi kwa karatasi. Unga 500, maji ya vuguvugu 280, chumvi, samli ya kupaka gramu 90. Kwa nini kusi inanipa mimi na inamnyima mleta uzi?

#25 MaalimKemia
Kwa sababu wewe unahitaji mafuta yaliyosimama, yeye anahitaji yanayotiririka. Samli inayeyuka kati ya 30 na 35. Jiko la Februari lina 33, samli yako ni maji. Ukiipaka inapenya ndani ya unga na kuufanya laini wote, tabaka linapotea. Sasa hivi jikoni kuna 25, samli ni kama krimu nzito, inakaa katikati ya ngozi mbili za donge bila kupenya. Chapati ikifika kwenye tawa maji ya donge yanakuwa mvuke, ngozi zinaachana pale samli ilipokaa.

Wakati wa joto: changanya samli na unga kiasi sawa kwa kijiko, upate uji mzito, upake huo. Unga unaishikilia. Au paka samli kisha nyunyizia unga mkavu kabla ya kukunja. Ukishaviringisha, pumzisha dakika 20 mahali pa baridi.

#26 Mkomani01
Na asisukume kwa nguvu mara ya pili. Wengi wanayakandamiza matabaka kwa mpini kisha wanasema ni samli.

#27 KekiMalindi
Mimi nina shida ya ndugu yake. Keki ya siagi 225, sukari 225, mayai manne, unga 225. Nikisaga siagi na sukari haiwi nyeupe, inakuwa kama mchanga uliolowa, na nikitia mayai inakatika.

#28 UtoWaAmu
Joto la siagi. Chembe za sukari zinachimba vishimo vya hewa ndani ya siagi, na fuwele ndogo za mafuta ndizo zinazozishika hewa hizo. Kazi hiyo inafanyika siagi ikiwa 18 hadi 21. Malindi ukiiacha mezani "ilainike" inafika 28, fuwele nyingi zimeshayeyuka na hewa haishikiki. Itoe kwenye friji, ikate vipande vidogo, isubiri dakika 10 tu, weka bakuli juu ya maji ya barafu kama unaona inang'aa. Mayai yasitoke kwenye friji moja kwa moja. Tia moja moja, na kijiko cha unga ukiona dalili ya kukatika.

Majarini ngumu ya kuokea inavumilia joto letu vizuri zaidi, mafuta yake yamepangwa yayeyuke juu zaidi. Ila soma kopo: inayofaa ina mafuta asilimia 80. Zile za kupaka mkate nyingine zina 60 au chini, kinachobaki ni maji, na keki inakaa.

#29 KekiMalindi
Shukran sana, naijaribu Ijumaa.

#30 BintiLangoni
Turudi kwangu jamani. Nimefanya la Mkomani01 la karatasi nyeupe. Doa limebaki linaangaza. Ni mafuta. Sasa nataka kupima: nipime hamri uzito kabla na baada ya kukaanga, tofauti iwe ndiyo mafuta?

#31 KaraiLaMaweni
Ndiyo, pima gramu kwa gramu.

#32 MaalimKemia
Hapana, kipimo hicho kitakudanganya. Hamri linapoteza maji na kupata mafuta kwa wakati mmoja. Linaweza kutoka na uzito ule ule huku limekunywa gramu tano za mafuta na kupoteza gramu tano za maji.

Pima mafuta yenyewe. Weka karai na mafuta baridi kwenye mizani, andika. Kaanga donge lililopimwa, mathalani kilo 1. Acha mafuta yapoe, ondoa makombo, pima tena karai lile lile. Yaliyopungua ndiyo yaliyoondoka na mahamri. Maji yaliyobaki karaini baada ya moto ule ni kidogo mno. Mafuta ya kwenye karatasi na chujio yapime pia, uyatoe kwenye hesabu.

Kisha badilisha kitu kimoja tu kwa kila mkupuo. Kwanza mawese matupu, mengine yote vile vile. Halafu nazi iliyochujwa na kukaushwa maji. Halafu tui la maji ya vuguvugu. Ukibadilisha vitatu pamoja utapata mahamri mazuri na hutajua nini kimeponya.

#33 JahaziLaPate
Na kinga ya bati je? Hiyo iwe ya kwanza, haina gharama.

#34 KaraiLaMaweni
Kipima joto kiwe cha kwanza. Bila kujua joto hivyo vipimo vingine vyote havina maana, kila mkupuo utakuwa na moto wake.

#35 MaalimKemia
Hapo nakubaliana nawe, joto liandikwe kila mkupuo, kabla ya kutia na sekunde 30 baada ya kutia. Lakini sijakubali kwamba ndilo chanzo.

#36 FundiHalua
Swali kwa UtoWaAmu kabla uzi haujalala. Samli yangu msimu huu inafanya chenga chenga kama semolina chini ya chupa, juu maji ya njano. Imeharibika?

#37 UtoWaAmu
Haijaharibika. Samli ni mchanganyiko wa mafuta mengi yenye kuganda kwa joto tofauti. Ikipoa polepole, yale magumu yanaganda kwanza na kukua kuwa chembe kubwa, yale mepesi yanabaki majimaji juu. Ukitaka laini, iyeyushe yote kabisa hadi kama 60, kisha ipoze haraka: chupa ndani ya maji baridi huku unakoroga mpaka iwe nzito. Fuwele zinakuwa nyingi na ndogo. Kwa kupikia haina tofauti, ila kwa kupaka ajemi chota ukiwa umeshakoroga, la sivyo utapaka maji leo na mchanga kesho.

Kinachoharibu samli ni maji. Wakati wa kuipika sikiliza: siagi inachemka kwa kelele maji yakiwa bado yamo na joto haliendi mbali na 100. Kelele ikitulia maji yamekwisha, joto linapanda haraka, mashapo ya maziwa yanaanza kuwa hudhurungi. Epua hapo hapo. Kilo 1 ya siagi inakupa kama gramu 800.

#38 FundiHalua
Ahsante. Kwa halua mimi nataka ile ya chenga, inatoka vizuri pembeni wanga ukishakaza.

#39 UtoWaAmu
Ikiingia kwenye sufuria la halua imeshayeyuka, fundi. Chenga zote zimekwenda.

#40 FundiHalua
Halua ya samli ya chenga ina ladha yake, hilo hunitoi.

#41 BintiLangoni
Nimepata mizani ya kuazima, inapima hadi kilo 5 kwa gramu moja. Karai langu la chuma na lita mbili vitapita kilo 5?

#42 KaraiLaMaweni
Karai la chuma la saizi hiyo laweza kupita. Tumia sufuria la aluminiamu, ni jepesi. Ila halishiki joto kama chuma, kwa hiyo mahamri matatu kwa mkupuo, si matano.

#43 MaalimKemia
Kubadilisha chombo nako ni kubadilisha kitu. Bora umimine mafuta kwenye ndoo ya plastiki yakiwa baridi, kabla na baada, upime ndoo. Karai lisioshwe katikati ili filamu ya mafuta iliyobaki iwe ile ile.

#44 ShelaKwaBahari
Baridi lakini si ya kuganda! Yakiwa na nazi na usiku ni 23, nusu itabaki imeshika ukutani mwa karai. Yamimine yakiwa 35 hivi.